Si Kila Mjukuu wa Mtemi ni wa Nyumba ya Utemi

Msimu wa harusi ukikaribia, au ukoo ukipanga mkutano wake wa mwisho wa mwaka, simu zinaanza. "Mwalimu, tuandikie historia fupi ya ukoo wetu, tunataka isomwe ukumbini. Sisi ni ukoo wa kifalme, babu yetu alikuwa chifu." Nauliza, chifu wa wapi? Natajiwa kijiji. Nauliza tena, mama yake babu alikuwa binti wa nani? Kimya. Wiki hii mmoja ameniuliza kwa hasira kabisa: "Sasa mama anahusiana nini na mambo ya ufalme?"

Anahusiana sana. Na kwa kuwa swali hilo nimelijibu kwenye simu mpaka nimechoka, leo naliandika hapa, kila atakayepiga nimwelekeze aje asome kwanza.

Ninaandika shajara za koo, yaani chati za nasaba, hapa Tabora. Nyingi ni za Unyamwezi, nyingine zinatoka Ukimbu upande wa Sikonge, na mara chache naletewa za Buha na watu wa Kasulu. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan asimikwe kule Mwanza mwaka 2021 kwa jina la Chifu Hangaya, watu wamekumbuka machifu wao, na mimi nimefurahi sana, maana kuna wazee ambao kwa miaka mingi hakuna aliyewauliza chochote. Lakini pamoja na kumbukumbu limekuja dai lilelile: aliyewahi kuwa mkubwa katika utawala wa jadi alikuwa wa damu ya utemi, yaani ya mtemi, mtawala wa jadi wa huku kwetu, na wazao wake wote ni wa damu hiyo mpaka kiama.

Sivyo. Kila ikulu ilizungukwa na familia kubwa. Kulikuwa na wanyikulu, wazee walioshika mila na mambo ya ndani ya utemi. Kulikuwa na wanangwa walioshika vijiji. Kulikuwa na wakwe wa mtemi, waganga wake, wakuu wa vita. Hao wote walikuwa watu wazito, wenye mashamba, mifugo na watu nyuma yao. Mtu wa kawaida akikutana nao njiani alijua amekutana na nani. Ila wa nyumba ya utemi ni yule ambaye, siku mtemi akifariki, wanyikulu wangeweza kukaa faragha na kulitaja jina lake miongoni mwa wanaofaa kukalia kiti. Kipimo changu ni hicho tu. Sipimi mali, sipimi ukaribu na ikulu, wala ukubwa wa eneo alilotawala.

Hilo la ukubwa wa eneo ndilo linalowapoteza wengi, kwa hiyo chukueni mfano wa Nyungu ya Mawe. Yeye alitoka katika nyumba ya watawala wa Unyanyembe, utemi wa hapa Tabora, akaondoka na rugaruga, wapiganaji wake, baada ya Mnywa Sele, mtemi aliyekuwa ameng'olewa, kuuawa mwaka 1865, akaiteka Ukimbu na kujenga dola kubwa ambayo watu wetu wanaizungumzia kidogo mno. Nchi alizoteka aliziweka chini ya watwale aliowateua mwenyewe. Mtwale mmoja aliweza kutawala eneo linalozidi utemi mzima wa mahali pengine, akakusanya pembe za ndovu, akaamua kesi. Lakini alikuwa mtwale. Aliwekwa na Nyungu na aliweza kuondolewa na Nyungu. Nyungu alipofariki mwaka 1884, aliyekalia kiti alikuwa Mgalula, mwanamke wa nyumba yake. Kwa hiyo ukija kwangu na babu mtwale, nitamwandika mtwale, tena kwa fahari yote, maana kazi ile haikupewa mtu dhaifu. Sitamwandika mtemi.

Mwanangwa naye ni hivyohivyo. Wako waliokuwa watoto wa mtemi kweli, wakapewa vijiji wavitunze. Wako walioaminiwa tu. Cheo kile hakikuthibitisha damu.

Sasa tuje kwa mama, maana hapa ndipo panaponikera hasa.

Shajara ninazoletewa zinafanana. Manila kubwa iliyokunjwa, mistari imepigwa kwa rula, majina ya wanaume yameandikwa kwa herufi kubwa kwa kalamu nyekundu. Chini ya kila mwanaume kuna "mke wa 1", "mke wa 2", "mke wa 3", bila jina hata moja. Pembeni, kwa penseli, utaona "na mabinti". Basi! Mtu ametumia siku nzima kuchora karatasi ile, na kitu pekee ambacho kingenisaidia kujua nani ni nani amekifuta kabla hajaanza kuchora.

Kwa mila za Kinyamwezi, mahari ikitolewa, watoto ni wa upande wa baba. Isipotolewa, watoto ni wa upande wa mama, mpaka baba atoe mali ya kuwakomboa. Mtu anasoma hapo anaona ni habari za ndoa tu. Aipeleke sheria hiyo ikulu aone inavyofanya kazi. Mtemi ana watoto wengi kwa wanawake wengi: wapo waliolipiwa mahari, wapo walioletwa kwa njia nyingine, wapo waliokuwa watumwa. Watoto wote wanamwita baba. Wote wanakula kwake. Lakini kila mmoja anahesabiwa tofauti, na tofauti hiyo iko kwa mama yake.

Tena hapo nimezungumzia urithi wa upande wa baba. Katika maeneo mengi ya utemi ya zamani, kiti hakikwenda kwa mtoto wa mtemi hata kidogo, kilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Wazee hueleza sababu kwa uwazi: mtoto wa dada yako huna shaka kuwa ni damu ya nyumba yenu. Kwa hesabu hiyo mtoto wa mtemi alikuwa mtu mkubwa, anapewa kijiji, anaheshimiwa, ila kiti si chake. Baadaye, hasa katika karne ya 19, watoto wa kiume walianza kurithi baba zao, na sehemu mbalimbali zikabadilika kwa nyakati tofauti. Ndiyo maana "babu alikuwa mtoto wa mtemi" ni sentensi ambayo peke yake hainiambii kitu. Mtoto wa mtemi wa wapi, na kabla au baada ya kubadilika?

Nitoe mfano ambao kila mtu wa Tabora anaujua nusu. Nimeshasikia mara nyingi kwamba Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19, alikuwa mjukuu wa Mtemi Fundikira, kwa hiyo naye ni wa nyumba ya Unyanyembe. Ni kweli baba yake, Muhammad bin Juma, alimuoa Karunde, binti wa Fundikira, na ndoa ile ilimpa nguvu kubwa mjini hapa. Lakini Karunde hakumzaa Tippu Tip. Mama yake mzazi alikuwa binti wa Habib bin Bushir, wa ukoo wa Kiarabu wa Maskati. Karunde ni mama yake wa kambo. Swali moja tu, "nani alimzaa?", na ufalme wote umekwisha. Watu wamelirudia kosa hilo kwa sababu walisoma jina la baba na la mkwe wakatosheka.

Na muone jinsi mambo yanavyogeuka ukibadilisha kanuni. Anne, dada wa Mfalme Charles wa Uingereza, ana watoto wawili. Ni wajukuu wa Malkia Elizabeth II, lakini hawana cheo cha kifalme, kwa sababu amri ya Mfalme George V ya mwaka 1917 iliwapa cheo wajukuu wa mfalme kwa upande wa watoto wa kiume tu. Sasa chukua familia ileile uipeleke kwenye utemi wa zamani uliofuata upande wa mama. Mtoto wa kiume wa Anne ni mpwa wa mfalme. Wanyikulu wangemtazama yeye kwanza, na watoto wa Charles mwenyewe wangepewa vijiji. Damu ni ileile, watu ni walewale. Kanuni ndiyo iliyoamua nani ni wa kifalme na nani ni ndugu tu.

Amri ile ya 1917 ina jambo lingine ambalo wateja wangu hawalipendi: iliwaacha nje vitukuu, isipokuwa yule aliye kwenye mstari wa kurithi. Hata majirani zetu wa Burundi walikuwa na utaratibu wa kupunguza. Baganwa walikuwa wazao wa wafalme, na karne iliyopita Bezi, wazao wa Mwezi Gisabo, na Batare, wazao wa Ntare Rugamba, walishindana vikali. Lakini wazao wa wafalme wa zamani zaidi hawakuendelea kuwa Baganwa milele. Walishuka wakawa Bafasoni, watu wa asili kubwa ambao hawahesabiki tena kwenye kiti. Nyumba ya kifalme isiyopunguza watu wake itajikuta nchi nzima ni ya kifalme baada ya vizazi vichache, kwa wingi wa wake waliokuwa nao wafalme.

Suala la barua za uteuzi nitalipitia haraka. Unaletewa karatasi iliyotiwa plastiki, imekatika kwenye mikunjo, mhuri wa Bwana DC umefifia, na ndani imeandikwa kwamba fulani ni mkuu wa mahali fulani na atakusanya kodi. Waingereza walipoleta sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926 walihitaji machifu kila mahali, hata mahali ambapo hapakuwa na mtemi wa aina hiyo. Kabla yao Wajerumani nao waliwaweka watu wao. Baba yake Mwalimu Nyerere, Nyerere Burito, alifanywa chifu wa Wazanaki na Wajerumani. Mwalimu alisoma hapahapa Tabora, katika shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu, lakini baba alipofariki mwaka 1942 aliyerithi alikuwa Edward Wanzagi, mtoto wa mama mwingine. Barua inathibitisha kazi, na shule inathibitisha shule. Tuendelee.

Yapo mambo ambayo vitabu huyapita kana kwamba yamekwisha, na mimi siyaoni yamekwisha. Nina shaka na orodha za watemi zilizonyooka, baba kwa mtoto, baba kwa mtoto, bila kona. Nyingi ziliandikwa wakati Waingereza wanatafuta warithi halali, na aliyekuwa kwenye kiti ndiye aliyesimulia. Kumbukeni kwamba mnamo 1860 Waarabu wa Tabora walimng'oa Mnywa Sele kwa sababu ya ushuru, wakamweka Mkasiwa. Wote wawili walitoka nyumba ya watawala. Baada ya hapo kila upande ulikuwa na sababu ya kusema mwenzake hakustahili. Upande ulioshinda ukaendelea mpaka kwa Mtemi Isike, aliyejilipua ndani ya boma lake Januari 1893 Wajerumani walipolivamia. Ukiniuliza nani alikuwa mrithi wa haki kati ya Mnywa Sele na Mkasiwa, nitakuuliza kwanza unatumia kanuni ipi, na sidhani kama wazee wenyewe wa wakati ule walikubaliana juu ya kanuni.

Shaka yangu nyingine ni ya leo. Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963. Kipimo changu kinauliza kama jina lako lingetajwa siku mtemi alipofariki. Je, aliyezaliwa baada ya 1963 nimpime vipi? Wapo wanaosema duara lilifungwa mwaka ule, waliokuwemo wamo, na wazao wao ni wazao tu. Wapo wanaosema mila haikufutwa na Bunge, na koo nyingine bado zinasimika watemi wao wa mila. Mimi naelekea upande wa pili pale ambapo wazee wa mila bado wapo na bado wanachagua. Pale ambapo ukoo wenyewe umejichagulia mtu kwenye kundi la WhatsApp, siwezi.

Mwisho, kuhusu mabinti mnaowaandika kwa penseli. Baada ya Isike, kiti cha Unyanyembe kilikaliwa na Nyaso, mwanamke, aliyewekwa na Wajerumani. Mgalula nimeshamtaja. Kule Heru, Kasulu, Mwami (ndivyo Waha wanavyomwita mtawala wao) Theresa Ntare alitawala wakati wa Mwingereza, na wazee wa Buha wanamtaja mpaka leo kwa heshima kubwa. Hao ni wanawake walioshika utawala wenyewe, achilia mbali waliopitisha haki ya kiti kwa watoto wao bila kukikalia. Ukoo wa utemi ukinijia bila majina ya dada na mabinti, umeniletea nusu ya watu wake, tena nusu ambayo huenda ndiyo iliyobeba haki yenyewe.

Kwa hiyo ukitaka nikuandikie, usianze na picha ya babu akiwa na fimbo. Nenda kwa bibi au shangazi mkubwa kabla hajachoka kuzungumza, umuulize haya: kila mke wa babu aliitwa nani na alikuwa binti wa nani, alilipiwa mahari au la, dada zake babu waliolewa wapi na walizaa nani. Andika hata jina ambalo yeye mwenyewe analitilia shaka, na pembeni uandike kwamba analitilia shaka. Ukishapata hayo, piga simu.