Mtoto anarudi shule, ugonjwa bado upo: maswali ya wazazi na majibu yake

Mwaka 2020 UVIKO-19 ulisababisha shule kufungwa katika nchi zaidi ya 190, na wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 wakabaki nyumbani. Shirika la Afya Duniani (WHO) halikutangaza mwisho wa hali ya dharura hadi tarehe 5 Mei 2023, wakati watoto wengi walikuwa wamesharudi darasani zamani, virusi vikiwa bado vinazunguka. Majibu yaliyopo hapa yametokana na kipindi hicho, na yanahusu ugonjwa wa mlipuko unaoenea kwa njia ya hewa. Kipindupindu na Ebola vina taratibu zake.

Kwa nini shule zisisubiri mpaka ugonjwa uishe kabisa?

Kwa sababu kusubiri nako kunaumiza. Wakati wa Ebola, watoto wapatao milioni 5 wa Guinea, Liberia na Sierra Leone walikaa nyumbani kwa miezi. Guinea ilifungua shule Januari 2015, Liberia Februari, Sierra Leone Aprili, mlipuko ukiwa bado haujatangazwa kuisha. Huko Sierra Leone wasichana waliopata mimba walizuiwa kurudi darasani, na zuio hilo halikuondolewa hadi Machi 2020. Hasara ya aina hii haionekani kwenye takwimu za wagonjwa. Wapo pia watoto ambao mlo wao wa uhakika ni ule wa shuleni, na wapo ambao mwalimu ndiye mtu mzima pekee anayegundua kwamba nyumbani wanapigwa.

Hasa mtoto anaambukizwaje akiwa darasani?

Umewahi kuona mwalimu akifuta ubao huku jua likipenya dirishani? Vumbi zito la chaki huanguka miguuni pake, lakini lile jepesi huelea kwenye mwanga na kusogea hadi dawati la nyuma. Mate na unyevu unaotoka kinywani hufanya vivyo hivyo. Matone makubwa huanguka karibu, na ndiyo sababu ya kukaa mbali angalau mita 1. Chembe ndogo hubaki hewani, na chumba kikifungwa huzidi kurundikana. Kadiri sauti inavyopanda ndivyo zinavyotoka nyingi, kwa hiyo darasa zima likiimba au kuitikia kwa pamoja hutoa chembe nyingi kuliko darasa linaloandika kimya.

Shule yetu inapima joto getini na kupuliza dawa kila asubuhi. Hiyo si inatosha?

Haitoshi. Kipimajoto kinaona homa, hakioni virusi. Mwenye UVIKO-19 anaweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya, na watoto wengi hawapati homa kabisa. Watapita getini wakicheka.

Kumpulizia mtu dawa ya kuua vijidudu, awe mkubwa au mdogo, ni jambo ambalo WHO ilishauri lisifanyike tangu Mei 2020. Dawa hiyo huwasha macho, ngozi na njia ya hewa, wala haimfikii mdudu aliye ndani ya mapafu. Kufuta madawati na vitasa kunatosha. Anza na maji na sabuni, kisha tumia klorini ya asilimia 0.1. Kwa dawa ya madoa yenye klorini ya asilimia 5, hiyo ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 49 za maji. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, maana mvuke wake unaweza kuwa sumu.

Nikiulizwa fedha za pampu ya kupulizia ziende wapi, nitasema zikatengeneze madirisha. Katika shule nyingi nusu ya madirisha hayafunguki. Bawaba zimeshika kutu, rangi imegandisha fremu, au kabati la vitabu limesukumwa mbele yake.

Madirisha yafunguliwe vipi?

Ya pande mbili kwa wakati mmoja, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Dirisha moja lililo wazi na mlango uliofungwa havisaidii sana. Mvua ikinyesha au baridi ikizidi, acha wazi yale ya juu, kisha fungua yote wakati wa mapumziko watoto wakiwa nje. Feni iliyowekwa dirishani ikitazama nje husaidia kutoa hewa iliyotumika, lakini feni inayozungusha hewa ile ile ndani ya chumba kilichofungwa haisafishi kitu. Kipimo rahisi ni pua yako. Ukiingia ukitokea nje na kukutana na hewa nzito yenye harufu ya watu, chumba hakipumui. Na somo linaloweza kufanyika nje, hasa kuimba na michezo, lifanyike nje.

Barakoa ni kwa umri gani?

Mwongozo uliotolewa na WHO na UNICEF Agosti 2020 ulisema hivi: wa miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe, wa miaka 6 hadi 11 itegemee maambukizi yalivyo mahali hapo na kama yupo mtu mzima wa kuwasimamia, wa miaka 12 na kuendelea wafuate utaratibu wa watu wazima. Mtoto asiyeweza kuivua mwenyewe, au mwenye ulemavu unaomfanya ashindwe kuivumilia, asilazimishwe. Na mwanafunzi kiziwi anahitaji kuona mdomo wa mwalimu.

Iliyoshuka chini ya pua ni pambo. Iliyolowa ibadilishwe, kwa hiyo mpe ya akiba kwenye mfuko safi. Andika jina lake kwa ndani, maana watoto hubadilishana barakoa kama wanavyobadilishana kalamu, kisa ya mwenzake ina picha nzuri.

Asubuhi mtoto ana mafua kidogo. Aende au abaki?

Hapa ndipo kinga kubwa ya shule ilipo, na uamuzi unafanyika nyumbani, saa moja kasoro, mzazi akiwa na haraka ya kazi.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kikohozi kilichoanza jana, koo linalouma, kutapika, kuharisha, kupoteza harufu au ladha: abaki, na upate ushauri wa kituo cha afya kuhusu kupima. Kamasi jepesi peke yake kwa mtoto anayecheza na kula vizuri ni jambo la kujadiliana na shule, lakini maambukizi yakiwa juu, mimi ningembakiza. Usimpe dawa ya kushusha homa ili apite getini. Wazazi wengi wamefanya hivyo kwa kubanwa, si kwa ubaya, na saa nne dawa ikiisha nguvu mtoto anatetemeka dawatini.

Shule nayo ina sehemu yake. Zawadi ya "asiyekosa hata siku moja" isimamishwe, kwa sababu inawafundisha watoto kuficha ugonjwa. Masomo yamfikie aliyebaki nyumbani, hata kwa daftari la mwenzake. Na atakayeugua katikati ya siku awe na mahali pa kusubiri penye hewa, pamoja na mtu mzima. Asiachwe ukutani kama mkosaji.

Akipumua kwa shida, mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, midomo ikigeuka bluu, akishindwa kunywa, akipata degedege au akiwa mgumu kuamka, hilo si la kusubiri kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Mwenzake wa dawati amethibitika kuugua. Tufanye nini?

Kwa virusi vya UVIKO-19 vya mwanzo, dalili zilijitokeza kwa wastani siku ya 5 au 6 baada ya kuambukizwa, na ziliweza kuchelewa hadi siku ya 14. Aina zilizofuata zilikuja haraka zaidi, ndiyo maana siku za kukaa karantini zilibadilika mara kwa mara. Fuata idadi inayotolewa na mamlaka ya afya kwa sasa, usishike ile ya mwaka jana. Wazazi waambiwe kwamba darasani kuna mgonjwa, bila kutaja jina lake. Jina likishatajwa, mzazi wa mgonjwa anayefuata atanyamaza.

Mwanangu ana pumu. Arudi?

Wengi hurudi salama pumu ikiwa imedhibitiwa. Asikatishe dawa zake za kila siku, bomba lake la kuvuta dawa liwe kwenye begi, na mwalimu ajue namna ya kumsaidia akibanwa. Mwenye selimundu, saratani, au anayetumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili aonwe kwanza na daktari wake. Chanjo zikiwepo, ziwe kamili.

Maji ya bomba hayatoki kila siku. Mikono itanawiwaje?

Kidumu chenye tundu, kilichoning'inizwa na kuinamishwa kwa kukanyaga kijiti, yaani kibuyu chirizi, kinafanya kazi nzuri kwa maji machache. Sabuni ndiyo isikosekane, na mikono isuguliwe angalau sekunde 20. Vitakasa mikono viwe na kileo cha asilimia 60 au zaidi, na vikae kwa mwalimu, kwa sababu wadogo huonja.

Binti yangu hataki kurudi. Anasema atamletea ugonjwa bibi yake.

Usimwambie "acha ujinga". Hofu yake ina msingi, kwani wazee ndio walioathirika zaidi na UVIKO-19. Muulize amesikia nini na kutoka kwa nani, mara nyingi utakuta ni maneno ya wakubwa yaliyosemwa yeye akiwa chumba cha pili. Kisha mpe la kufanya: akifika anawe, abadilishe sare ikimtuliza moyo, na mazungumzo na bibi yafanyike barazani. Akianza kukohoa, atalala chumba kingine mpaka apone. Bibi naye apelekwe kuchanjwa. Na dirisha la chumba chake, lile linalofungwa kutwa kwa kuogopa upepo, lifunguliwe.