Je, wajua kwa nini jiko la makaa huua wakati moshi umekwisha?

Julai ikifika Nairobi na baridi yake, nyumba nyingi za chumba kimoja kule Mathare, Mukuru na Kawangware hufanya vivi hivi. Jiko linawashwa nje, moshi unasubiriwa uishe, makaa yanashika wekundu. Chakula kikishaiva, jiko linabaki ndani lipashe chumba joto, mlango unafungwa, kitambaa kinazibishwa chini yake, watu wanalala. Wako waliolala hivyo wasiamke.

Moshi wenyewe uliishia kwenye tanuri. Mchoma makaa hufukia miti kwa udongo iive kwa hewa kidogo, na sehemu kubwa ya moshi hubaki huko huko. Kinachofika mjini katika gunia ni kaboni kwa wingi. Ndiyo maana makaa hayawashi macho, na ndiyo maana tunayaamini.

Sasa chungulia ndani ya jiko. Hewa inaingia kwa mlango wake wa chini, oksijeni inakutana na makaa na kuwa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu hunyakua kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksaidi. Moto ukiwa mkali utaona vindimi vya buluu vikicheza juu: hiyo ndiyo kaboni monoksaidi, nyingi yake inaungua kabla ya kuwafikia watu. Makaa yakianza kuvaa jivu, vindimi hupotea. Gesi bado inatoka, ila haiungui tena. Saa ile ile jiko linapoonekana limetulia, limefaa kuota, ndipo linapomwaga sumu chumbani.

Haina harufu wala rangi. Ikivutwa, hung'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, na mwili unakosa hewa huku mapafu yakipumua kama kawaida. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu, mambo ambayo wengi wetu tungeyaita malaria au homa. Aliye usingizini hata hayo hayahisi.

Jiko lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, ni kazi nzuri sana ya mafundi wa jua kali: udongo huzuia joto lisipotee ubavuni, na makaa yanayotumika hupungua. Lakini halizuii gesi hii. Karai la maji kando ya jiko nalo halisaidii, kwa sababu kaboni monoksaidi haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana.

Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje kwanza, kisha mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu. Kwa hewa ya kawaida, huchukua saa 4 hadi 5 sumu hiyo kupungua kwa nusu tu katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali, ni kama saa moja na kidogo.