Mchoro wa Mwendo Ndani ya Nyumba Si Pambo la Ramani

Juma hili mteja mwingine ameniuliza kwa nini bado ninachora kwa penseli mwendo wa mtu ndani ya jengo, yaani anachokiona hatua kwa hatua, ilhali kompyuta hutoa video inayompitisha mtazamaji vyumba vyote bila yeye kuinuka kitini. Swali hilo limenichosha, kwa sababu kosa lililomo ni lile lile kila mara: kudhani kwamba kuviona vyumba vyote ni sawa na kuvipitia.

Tuitazame nyumba ya mawe ya Lamu. Anayetoka mtaani hupokewa na daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza pande zote mbili, kisha huingia tekani, kijiukumbi cha ndani ya mlango, ambapo njia hupinda ili mpita njia asione ya ndani. Baada ya kona hiyo ndipo kiwanda, yaani ua wa ndani, kinapojitokeza, juu kikiwa wazi, halafu misana, vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana sambamba, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani, chenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo. Sakafu huinuka kidogo kidogo kadiri mtu anavyoingia, na mwanga hupungua. Upana wa vyumba umeamuliwa na boriti za mikoko, kwa hiyo ni nadra kuzidi mita 3 hivi, hata pale urefu unapokuwa mkubwa.

Video huiharibu habari hii kwa njia mbili. Kwanza, mtengenezaji hupanua lenzi ili chumba kizima kienee kwenye kioo, na msana mwembamba ukageuka ukumbi wa harusi. Pili, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, programu husawazisha mwanga ili kila kona ionekane vizuri. Katika nyumba halisi, mtu aliyetoka kwenye jua la kiwanda haoni vizuri mpaka macho yazoee kiza. Kinachomjia kwanza ni weupe wa chokaa, kisha kingo za zidaka, na vyombo vilivyomo humo huja baadaye kabisa. Kiza hicho cha muda ni sehemu ya jengo. Kwenye karatasi ninaanza kwa kulijaza giza lote kwa penseli laini, nikiacha weupe wa karatasi pale tu ambapo jicho lingetangulia kutua.

Utaratibu wenyewe hauna siri: ramani ndogo, vituo vyenye namba na mishale, mstari wa upeo kwenye kimo cha macho, mchoro mmoja kwa kila kituo. Ugumu uko katika kuvichagua vituo. Wanafunzi hupenda kusimama katikati ya chumba, kana kwamba wanakipiga picha ya kukiuza. Mimi huwarudisha kizingitini, mahali ambapo mwimo wa mlango hukata nusu ya kinachoonekana, nao wauache ukate, bila kujifanya wanaona kupitia ukuta.

Zaidi ya hayo, ni lazima isemwe anayetembea ni nani. Mgeni asiye wa karibu huenda akaishia daka au tekani, na mfululizo wake ukawa na michoro miwili tu. Mama mwenye nyumba huanzia ndani na kuelekea nje, akiuona mwanga ukiongezeka. Nyumba ni moja, ila mwendo si mmoja, na michoro isiyotaja mwenye kutembea haimsaidii yeyote.

Sidai kwamba penseli inatosha. Ubaridi wa sakafu unyayoni na mwangwi wa sauti kiwandani ninaviandika kwa maneno pembeni, na mara nyingine maneno hayo hufanya kazi kuliko mistari. Watu wawili wakitazama michoro ile ile huweza kuwaza vyumba viwili tofauti, na sijapata njia ya kuamua ni yupi aliyeelewa.

Video mteja ataipata, ila baada ya michoro kukubaliwa, kwa lenzi ya wastani, kamera ikianzia mtaani mbele ya daka kwa kimo cha macho, si angani juu ya dari, ambako hakuna mkaaji atakayeingilia.