Robo inchi kasoro uzi: dhana potofu kuhusu kushona viraka kwa cherehani

Fundi wa nguo akihamia kwenye mablanketi ya viraka, yale ambayo wengi siku hizi wanayaita kwilti, hudhani kazi imekuwa nyepesi. Hakuna zipu, hakuna kola, hakuna kupachika mikono. Ni mistari iliyonyooka tu. Nami nilidhani hivyo, na blanketi langu la kwanza la mabaki ya vitenge likaniumbua.

Nilikuwa napishanisha miraba ya aina mbili. Mmoja wa kitambaa kizima, niliukata inchi 6½ kila upande. Mwingine wa vipande tisa, vitatu kwa vitatu, kila kimoja inchi 2½. Piga hesabu: vipande vitatu vya inchi 2½ ni inchi 7½, toa mishono miwili inayokula nusu inchi kila mmoja, yaani robo inchi kwa kila kipande kinachoungwa, inabaki 6½. Miraba ilitakiwa kulingana. Ile ya vipande tisa ilipungua kama milimita 4. Nikavuta, nikabana kwa pini, nikashona hivyo hivyo. Blanketi lilipokamilika, kila mraba mzima ulikuwa umevimba katikati kama andazi.

"Kosa la milimita moja halina neno." Kwenye gauni ni kweli. Fundi huacha nusu inchi, hata inchi nzima, ili mteja akinenepa nguo ifumuliwe na kuongezwa. Kwenye viraka hakuna akiba hiyo, na kosa linajirudia kila mahali panaposhonwa. Mshono ukizidi milimita 1, unakula milimita 1 kwa kipande cha kulia na 1 kwa cha kushoto, jumla 2. Safu ya vipande 16 ina mishono 15. Umepoteza sentimita 3, na mkono wako hata haukutetereka.

Lakini tuseme ukweli wote. Kama miraba yako yote ina idadi sawa ya mishono, na umekosea sawasawa kila mahali, itaungana bila ugomvi. Blanketi litakuwa dogo kidogo, basi. Balaa huanza pale mraba wenye mishono mingi unapokutana na wenye michache, kama yangu. Ndiyo maana wapo watu walioshona miaka mingi kwa kipimo kisicho sahihi bila kugundua, mpaka siku walipobadilisha mchoro.

"Nimenunua mguu wa cherehani wa robo inchi, kwa hiyo mshono wangu ni robo inchi." Mguu huo, kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, unasaidia, siukatai. Ila kipimo kinachotafutwa si upana wa mshono, ni upana wa kipande baada ya kufunguliwa na kupigwa pasi. Kitambaa kinapokunjwa kulalia upande mmoja hupanda juu ya uzi, na mkunjo ule unakula kidogo. Ukishona robo inchi kamili, utapungukiwa. Wazoefu hushona robo inchi kasoro upana wa uzi mmoja au miwili. Na uzi wenyewe una mchango: mwembamba wa pamba huacha mkunjo mdogo kuliko ule mnene wa kushonea jinzi.

Jaribio ni la dakika chache. Kata vipande vitatu virefu vyenye upana wa inchi 1½, viunganishe ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha pima cha katikati. Kinatakiwa kiwe inchi 1 barabara, na vyote vitatu kwa pamoja inchi 3½. Cha katikati kikipungua, mshono wako ni mpana. Sogeza sindano kama cherehani inaruhusu, au sogeza alama unayoifuata. Mimi hubandika selotepu juu kwa juu kwenye bamba la cherehani mpaka kiwe kiukuta kidogo cha kuegemeza ukingo wa kitambaa, bila kufunika meno yanayosukuma kitambaa. Halafu macho yangu yanakaa kwenye kiukuta. Kutazama sindano, tabia tuliyonayo wengi, hakukuonyeshi chochote; inapanda na kushuka palepale siku zote.

"Cherehani ya kukanyaga haiwezi kazi hii." Porojo. Singer nyeusi ya zamani au Butterfly inayoshona mstari mnyoofu tu ina tundu dogo la duara kwenye bamba lake, na kona ya kitambaa haimezwi kirahisi. Zile za kushona zigizaga zina tundu pana, ndizo zinazotafuna ncha za pembetatu. Dawa yake ni kuanza na kijitambaa cha mabaki, kisha kuingiza viraka kimoja nyuma ya kingine bila kukata uzi. Kurudisha mshono mwanzo na mwisho hakuna haja; mshono wa safu inayofuata utakatiza juu yake na kuufunga, mradi hatua za sindano ziwe ndogo, kama 12 kwa inchi.

"Pasi itanyoosha kila kitu." Pasi ndiyo inayopinda vingi, hasa vilivyokatwa hanamu, maana upande huo unavutika. Usiiburute. Iweke, bonyeza, inua, weka pengine.

Na mara nyingi cherehani inasingiziwa. Kosa limeanzia mezani, kwenye kukata. Kitenge kilichokunjwa mara nne huteleza chini ya mkasi, na futi kamba ya kitambaa huvutika kadiri inavyozeeka. Yangu niliilaza kando ya rula ya chuma: inchi 12 za rula zilisomeka 11 na robo tatu. Sasa nakatia rula. Futi kamba ile napimia viuno tu.