Malori yakishaondoka, boriti imerudi?

Tukipeleka malori kwenye daraja kuukuu kulipima, watu hujaa ukingoni kuona kama litavunjika. Wengi huamini tunalisukuma hadi lishindwe. Sivyo. Tunalibebesha kidogo kidogo tukisoma linavyojibu.

Madaraja mengi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1950 na 1960 yalisanifiwa kwa magari mepesi kuliko haya ya leo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori la hadi tani 56. Michoro nayo mara nyingi imepotea. Ukipiga hesabu kwa kukisia nondo zilizomo ndani ya zege, jibu hutoka kwamba daraja halifai, na huku mabasi yanapita kila siku. Ndipo tunapolazimika kuliuliza lenyewe.

Malori hujazwa kokoto na kupitishwa mzani, ekseli moja moja. Chini ya boriti tunagundisha vihisi, vifaa vinavyopima inavyobonyea. Tunaanza kabla jua halijachomoza, kwa sababu sakafu ya daraja ikipata joto hutanuka kuliko sehemu za chini, boriti ikajipinda yenyewe, na zile milimita mbili tatu unazozitafuta zikapotelea humo. Lori la kwanza husimama katikati, injini inazimwa, tunangoja namba zitulie. Kisha la pili. Mzigo ukiwa mara mbili, kubonyea nako kuwe karibu mara mbili. Kukizidi hapo nasimamisha zoezi, foleni ya magari iwe imefika popote.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote huja baada ya malori kuondoka: boriti imerudi ilipokuwa? Kubonyea ni tabia ya kila daraja. Milimita zisizorudi ndizo zinazoninyima usingizi, maana kuna kitu ndani kimeachia.

Mara nyingi daraja huonekana gumu kuliko hesabu, yaani hubonyea kidogo kuliko tulivyotarajia, na wahandisi vijana hufurahi. Mimi huuliza ugumu huo umetoka wapi. Ukitokana na sakafu ya zege iliyoshikana na boriti za chuma, huenda nikauhesabu kwa tahadhari. Ukitokana na beringi, vile vikalio vya boriti vinavyopaswa kuiruhusu isogee, zilizoganda kwa kutu, nauondoa wote. Beringi hiyo inasaidia leo, chini ya lori lililosimama. Siku itakapoachia, daraja litabaki peke yake.

Na kuna maradhi ambayo malori hayayaoni kabisa. Sehemu ya daraja la Carola mjini Dresden, Ujerumani, lililojengwa mwaka 1971, ilianguka usiku wa tarehe 11 Septemba 2024. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege ili kulibana zilikuwa zimelika na kukatika. Zege ambalo halijapata nyufa hubaki gumu hata nyaya zikikatika moja moja, kwa hiyo vihisi vyangu vingesoma kana kwamba mambo ni shwari.

Kwa daraja la namna hiyo sikubali kutia saini ripoti yenye namba za malori peke yake. Naomba kwanza zege lifukuliwe mahali kadhaa, nikaione chuma kwa macho.