Kabla hujaweka saini: mshahara wa kwanza, mikopo ya haraka na CRB

Kila mwaka mahafali ya vyuo yakishapita, Makerere ikitangulia na vingine vikifuata, dawati letu la malalamiko hapa benki linajaa vijana, na safari hii wamekuja wengi mpaka wakubwa wakasema tuandike kitu kwa Kiswahili, maana wateja wetu wa Busia, Arua, Kasese na hata hapa Kampala wengi wanakielewa kuliko kile Kingereza cha kwenye fomu. Mimi niko upande wa mikopo na malalamiko. Nitaongea yale ninayokutana nayo kila siku, na sitataja mkopeshaji yeyote kwa jina kwa sababu baadhi ya mafaili bado yako wazi.

Habari za andika bajeti, usitumie kuliko unachopata, hizo mnazijua, nazipita. Tunachokiona sisi ni kwamba vijana wanapanga vizuri tu, ila wanapangia pesa ambayo haipo, alafu pengo likitokea wanaliziba kwa karatasi ambayo hawajaisoma.

Chukua mshahara wa laki nane. Kijana anaambiwa kwenye intavyuu "tutakulipa 800,000", anatoka pale anatafuta muzigo, yaani nyumba ndogo ya kupanga, wa laki mbili unusu, anaahidi nyumbani kulipa ada ya mdogo wake, anaingia kwenye mchango wa kwanjula ya rafiki, ile sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe. Sasa tupige hesabu. Kodi ya mshahara, PAYE, haigusi 235,000 za kwanza, baada ya hapo inapanda kwa ngazi, na kila shilingi inayozidi 410,000 inakatwa 30%. Kwa laki nane hiyo ni 142,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, inachukua 5% yako, ambayo ni 40,000. Inabaki 618,000, na kuanzia Julai mpaka Oktoba kuna kodi ya serikali ya mtaa inakatwa humohumo, kwa hiyo miezi hiyo minne inafika pungufu. Laki nane ilikuwa namba ya kwenye barua, na ahadi zote zilishatolewa juu yake. Wengine wanakuja hapa na hasira ati benki imewaibia, jamani, benki inapokea kile mwajiri alichotuma, omba karatasi ya mshahara kwa mwajiri wako uisome mstari kwa mstari, ni haki yako.

Na hapo kwenye NSSF naomba msimame kidogo. Mwajiri anatakiwa aongeze 10% yake juu ya 5% yako, yaani kwa huyu wa laki nane kila mwezi ziingie 120,000 kwa jina lake, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Tangu sheria ilivyorekebishwa mwaka 2022 hakuna tena ile ya kusema "sisi tuko wafanyakazi watatu tu hatuhusiki", kila mwajiri anahusika hata akiwa na mfanyakazi mmoja, na akichelewa kuna adhabu ya 10% juu ya kile alichochelewesha. Walimu wa shule za binafsi ndio wanaoumia sana hapa, wanakatwa 5% kila mwezi kwenye karatasi lakini ukiangalia akaunti yao NSSF ni patupu. Angalia salio lako kwa simu au nenda tawi lolote, usingoje miaka kumi. Ukikuta hakuna kitu, peleka karatasi zako za mshahara NSSF wenyewe, wana watu wa kufuatilia waajiri. Na wale wanaosema hiyo pesa ni ya wazee, mimi siwaelewi kabisa, ni pesa yako na kila mwaka inawekewa faida.

Sasa twende kwenye lenyewe, mikopo.

Kuna mwalimu mmoja kijana alikuja kutoka upande wa Busia, anataka tumwambie kwa nini pesa yake inatoka usiku. Tukafungua stetimenti. Mshahara unaingia saa tatu usiku, saa tatu na dakika kumi na mbili unatolewa kwenye mashine, karibu wote, miezi minne mfululizo, zinabaki elfu kumi na kitu. Nikamuuliza kadi ya ATM iko wapi. Akanyamaza kwanza, alafu akasema iko kwa mtu aliyemkopesha laki tano, kadi pamoja na namba ya siri, na kitambulisho cha taifa pia kiko huko. Riba waliyokubaliana ni 20% kwa mwezi. Yeye aliamini hiyo ndiyo sheria ya mikopo, na kwamba benki haiwezi kumpa kadi mpya mpaka amalize deni.

Nataka kila mtu asome hapa polepole. Wakopeshaji wa aina hii wanasimamiwa na UMRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji. Kanuni zake zinamkataza mkopeshaji kushika kitambulisho chako cha taifa, pasipoti, kadi ya ATM au namba yako ya siri kama dhamana ya mkopo. Anakatazwa hata kama ulimpa mwenyewe kwa hiari yako, hata kama uliweka saini. Leseni yake inaisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, kwa hiyo ukienda Februari usikubali kuonyeshwa leseni iliyobandikwa ukutani bila kuangalia mwaka. Na mwaka 2024 waziri wa fedha alitangaza kikomo cha riba kwa wakopeshaji hawa, 2.8% kwa mwezi, sawa na 33.6% kwa mwaka. Laki tano kwa 2.8% ni 14,000 kwa mwezi, miezi mitano 70,000. Kwa 20% ni laki moja kwa mwezi, miezi mitano riba peke yake imefika laki tano nyingine na deni bado limesimama palepale kama hujapunguza. Huyo mwalimu alikuwa ameshalipa kuliko alichokopa na bado anaambiwa anadaiwa.

Kadi tuliizuia siku ileile na akapewa nyingine, hiyo ni kazi ya dakika chache. Deni halikufutika, na hapa ndipo watu wanatuelewa vibaya. Benki kukurudishia usalama wa akaunti yako haina maana kwamba hudaiwi. Ulikopa, utarudisha, kinachobishaniwa ni riba na namna ya kudai. Lalamiko la riba linakwenda UMRA kwa maandishi, na nakala ya mkataba, na ushahidi wa kila ulichokwisha kulipa, ndiyo maana nasema lipa kwa njia inayoacha alama, momo (pesa za kwenye simu) au benki, usimpe mtu noti mkononi nyuma ya duka. Na kama hukupewa nakala ya mkataba, usichukue hiyo pesa.

Mikopo ya kwenye simu nayo ina mambo yake. Ni midogo, elfu thelathini, elfu hamsini, ndio maana watu wanaidharau. Unakopa hamsini kwa mwezi, ada yake tuseme 9%, unaona si kitu, lakini ukikopa kila mwezi mwaka mzima umelipa 54,000 kwa kuishika elfu hamsini ileile. Alafu kuna kijana atakuambia wewe tupa laini, nunua nyingine, deni limekwisha. Haijaisha! Laini imesajiliwa kwa NIN, ile namba yako ya kitambulisho cha taifa, mkopo umefungwa kwenye NIN, na ukija miaka miwili baadaye kuomba mkopo wa kununua pikipiki au kiwanja jina lako linatoka kwenye skrini yangu na ile elfu hamsini. Nimeshawaambia hayo watu ana kwa ana wakanikatalia, mpaka nigeuze kompyuta waone.

CRB, ile ofisi ya kumbukumbu za mikopo, ipo Uganda tangu 2008, na watu wengi wanafikiri ni orodha ya watu wabaya. Siyo. Inaandika anayelipa vizuri na asiyelipa. Hiyo ina maana kwamba kijana ambaye hajawahi kukopa popote hana sifa mbaya ila hana historia pia, na kijana aliyekopa kidogo SACCO ya kazini, yaani chama cha akiba na mikopo, akalipa kwa wakati ana kitu cha kutuonyesha. Ukikuta jina lako limeandikwa deni ambalo umeshalipa, utaratibu ni huu: unaanza kwa yule aliyekuandika, unampelekea risiti kwa maandishi na kumwomba arekebishe taarifa alizotuma, unabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, akikaa kimya unakwenda CRB yenyewe na hiyo nakala, na kama ni benki inayosimamiwa na Benki Kuu unaweza kupeleka juu huko. Usianze kwa kumtafuta mtu wa "kusafisha jina" kwa laki mbili. Hakuna mtu kama huyo, hata humu ndani hayupo, na anayekuambia yupo anakudanganya.

Kudhamini. Ukiweka saini kama mdhamini wa rafiki, umekopa. Mkopaji akishindwa tunakuja kwako, hatuna njia nyingine, na machozi ya hapo dawatini hayabadilishi mkataba. Rafiki wa kweli utamwambia sina uwezo wa kulipa hilo deni ukikwama.

Wapo pia wanaosumbuliwa na wakopeshaji wa mtandaoni, wanapigia mama yako, bosi wako, shangazi yako, wanawaambia unadaiwa. Tuna sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019 na ofisi yake ipo, na kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10. Piga picha zile meseji, andika namba na saa waliyopiga, usizifute kwa aibu. Lakini pia jamani, ile programu ilipokuomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako ulibonyeza ndiyo. Elfu arobaini haihitaji kujua namba ya shangazi yako.

Kuhusu kuweka akiba nitasema machache kwa vile hapo vijana wengi hawana shida kubwa kama wanavyofikiri. Kikundi cha akiba chenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, daftari linalosomwa mbele ya wote, ni mahali pazuri pa kuanzia na mimi nakiheshimu sana, nimeona huko Kasese wakilihesabu sanduku mpaka sarafu ya mwisho kabla mtu hajainuka. Benki, pesa yako mpaka milioni 10 inalindwa na Mfuko wa Kulinda Amana hata benki ikifungwa, ila SACCO haiko kwenye ulinzi huo, kwa hiyo SACCO ijue viongozi wake na hesabu zake za mwaka. Hati za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zinaanzia 100,000 tu, unafungua akaunti ya CSD, ile ya kutunzia hati hizo, kupitia benki yako. Na momo si mahali pa kulaza mshahara, kila ukitoa kuna kodi ya 0.5% na juu yake ada ya kampuni, ukitoa elfu kumi kumi mara thelathini hiyo ada inakula pesa nyingi kuliko kutoa laki tatu mara moja.

Jambo linalonichosha kabisa ni hizi "kampuni" za kuzalisha pesa. Dunamiscoins ilifunga milango Desemba 2019 na pesa za watu, BLQ ikaja ikaanguka 2022, na bado kijana ananiletea karatasi ananiambia hii ni ya halali, imesajiliwa URSB, ofisi ya kusajili kampuni. Usajili wa URSB unasema kampuni ipo, basi. Hata duka la chapati linaweza kusajiliwa. Kupokea akiba za watu kunahitaji leseni ya Benki Kuu, kukusanya pesa za watu na kuwawekezea kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na majina ya wenye leseni yanatangazwa wazi, unaweza kuuliza bure. Karatasi ya URSB tukiiona pekee tunajua tayari umepigwa au unaelekea kupigwa. Na kamari ya mechi, sheria ya 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25, kwa hiyo wengi wa wanaosoma hapa hawaruhusiwi hata kuingia pale, hilo silijadili zaidi.

Ukija kulalamika kwetu njoo wewe mwenyewe na kitambulisho, mkataba, karatasi za mshahara za miezi uliyokatwa, na meseji za malipo bila kuzifupisha. Kama kitambulisho kimeshikwa na mkopeshaji, njoo hivyohivyo na NIN yako umeiandika, tutaanzia hapo. Lalamiko likiwa letu tunatakiwa tukujibu ndani ya wiki mbili, tusipojibu peleka Benki Kuu na ile nakala yenye muhuri wetu. Likiwa la mkopeshaji mwingine tutakuelekeza UMRA na kukuandikia stetimenti unayohitaji. Kusikiliza malalamiko hakulipiwi, na mtu yeyote hapa akikuomba ya chai ili faili lako lisogee, mwandike jina na siku, hilo nalo tunalipokea.