Kwa Nini Amplifaya Moja Hubadilika Sauti kwa Kila Spika

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: spika zangu ni za omu 8, je, impidansi ya kutoa ya amplifaya (ukinzani wake wa ndani kwa umeme unaotoka) nayo iwe omu 8? Hapana. Zikilingana hivyo, nusu ya nguvu huishia ndani ya amplifaya kama joto. Amplifaya nyingi za transista zina chini ya omu 0.1, hasa kwa msaada wa mrejesho hasi (kurudisha sehemu ya kinachotoka kwenye ingizo ili kusahihisha makosa), mbinu aliyoibuni Harold Black wa Bell Labs mwaka 1927. Na ile "8" iliyoandikwa kwenye teminali za amplifaya ya vali (mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista) inataja spika ya kuunganisha pale. Haisemi lolote kuhusu impidansi ya amplifaya yenyewe.

Tena hata 8 ya spika ni jina tu. Spika ya njia mbili inaweza kupanda hadi omu 30 pale wufa (spika ya besi) inapovuma kwa masafa yake ya asili, ikashuka hadi omu 4 juu kidogo ya hapo, kisha ikapanda tena karibu na krosova (masafa ambapo saketi hugawa sauti kati ya wufa na spika ya sauti nyembamba). Iunganishe na amplifaya ya vali isiyo na mrejesho, yenye omu 2. Penye omu 4, theluthi ya volti hubaki ndani ya amplifaya, yaani upungufu wa desibeli 3.5. Penye omu 30, upungufu ni desibeli 0.6 tu. Hiyo ni tofauti ya karibu desibeli 3, na kila mtu ataisikia. Kwa amplifaya ya omu 0.1, tofauti hiyo haifiki hata desibeli 0.2.

Kwa hiyo anayesifu utamu wa vali, mara nyingi anasifu mchoro wa impidansi ya spika zake. Simkosoi, maana anachosikia kipo kweli na kinapimika. Ila akibadilisha spika, utamu ule unaweza kuondoka nazo.

Kwenye besi kuna jambo la ziada. Koni inapotikisika, koili yake huzalisha umeme unaozunguka kupitia amplifaya, na mkondo huo ndio breki ya koni. Koili peke yake ina takriban omu 6, nayo imo kwenye njia hiyo hiyo. Ndiyo maana matangazo ya dampingi fakta ya 500 (impidansi ya spika ikigawanywa kwa ile ya kutoa ya amplifaya) hayanishtui: kutoka 50 hadi 500, breki haibadiliki kwa kiasi cha maana. Lakini ongeza omu 2 kwenye njia hiyo na breki ya umeme hupungua kwa robo. Wufa yenye sumaku kubwa ndani ya sanduku lililozibwa, ile ambayo besi yake ni kavu mno, hufaidika sana hapa. Sanduku lenye tundu lililopangwa kwa amplifaya ya transista huanza kunguruma. Nelson Pass, mbunifu wa amplifaya kutoka Marekani, alikwenda mbali zaidi: amplifaya yake ya First Watt F1 ina impidansi ya juu kwa makusudi, kwa ajili ya spika za koni moja zisizo na krosova.

Ukitaka kujaribu kwa amplifaya ya transista, weka rezista ya omu 1, wati 10, kwenye waya chanya wa kila spika. Mimi hupenda omu 1 kwa masanduku madogo yaliyozibwa. Nikifika 2, sauti za waimbaji huanza kuzama nyuma ya besi. Mwenye vali anayetaka kinyume chake ahamishe waya kutoka teminali ya 8 kwenda ya 4: impidansi ya kutoa hushuka kwa karibu nusu, ingawa nguvu ya juu nayo hupungua.

Kupima ni rahisi. Cheza toni ya hezi 100 kwa sauti ndogo, pima volti bila mzigo, kisha ukiwa na rezista ya omu 8. Ukipata 2.5 halafu 2.0, gawanya, toa 1, zidisha kwa 8: omu 2. Amplifaya ya vali usiiache bila mzigo. Linganisha omu 16 na omu 8, hesabu ikifuata mantiki ile ile ya kugawana volti.

Unapolinganisha kwa masikio, rudisha kwanza kiwango cha sauti. Omu 1 mbele ya spika ya omu 8 hupunguza takriban desibeli 1, na kwa tofauti ndogo kiasi hicho sikio huchagua iliyo juu, likidhani imechagua iliyo nzuri.